Niliondoka na Vitu vya Watu

Walisema sitamaliza darasa la tatu. Aliyesema kwanza alikuwa mwalimu wetu wa hesabu, mbele ya darasa zima, akiwa ameshika daftari langu kwa vidole viwili kama anayeshika panya aliyekufa. "Kichwa hiki," alisema, "Mungu alikiumba cha kubebea kuni." Baba yake Edo, mwanafunzi mwenzangu, aliyekuwa mtunza ghala wa duka la ushirika, alisema nikifika mbali sana nitafika mji wa jirani wa Magugu, tena kwa miguu, nyuma ya mbuzi wa watu. Na shangazi yangu mwenyewe, ndugu wa damu wa marehemu baba, alimwambia mama jikoni huku nikisikia kwamba mtoto anayelia kila siku hawezi kusoma, kwa kuwa machozi huosha kichwa.

Leo ukishika barabara ya Singe hapa Babati utaona nyumba ya bati jekundu, yenye madirisha ya vioo na baraza ya vigae. Ni yangu. Niliichora mwenyewe na kuisimamia mwenyewe, kwa sababu nina stashahada ya ujenzi, na cheti chake nimekitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kuketi bila kukiona. Sioni haya kujisifu. Aliyelima mwenyewe halaumiwi akisimama mlangoni kutazama mavuno yake.

Ila kuna jambo ambalo cheti kile hakilisemi, na lilinirudia karibuni nilipoingia kwenye ghala moja la mbaazi pale mjini kupima sakafu iliyopasuka. Walikuwa wamefungua robota la magunia mapya ya katani. Harufu ile ya vumbi la nyuzi na mafuta ilinijaa puani. Nikakalia mzani. Mwenye ghala akaniuliza, "Vipi bosi, umechoka?" Nikamjibu, "Sijachoka. Hii nimewahi kuivaa."

Ninyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa miaka ile. Mnakumbuka foleni ya duka la ushirika iliyoanza kwa watu na kumalizikia kwa mawe, maana aliyechoka kusimama aliweka jiwe lake kushika nafasi, na jiwe likaheshimiwa kama mwenyewe. Mnakumbuka chai ya chumvi, kufua kwa majani ya mpapai, na ugali wa njano. Mahindi yale ya msaada yalikuja katika magunia yenye herufi kubwa za bluu, za lugha ambayo hakuna mtu wa mtaani kwetu aliyeijua. Mama yangu alikuwa mjane. Tulikuwa tumeteremka kutoka Mbulu, na alikuwa akilima vibarua katika mashamba ya Nakwa. Siku moja akalipwa gunia tupu. Madukani kitambaa hakikuwepo hata kwa mwenye hela, kwa hiyo alilifua gunia lile, akalipigapiga kwa mti mpaka likalegea, akanishonea kaptula kwa mkono. Alishona vizuri, mama yangu. Kasoro ilikuwa moja tu: herufi za bluu hazikutoka, na kwa namna alivyokata, zote zilikaa makalioni.

Edo ndiye aliyeziona. Alikuwa na kaptula ya kaki ya kweli, yenye mikunjo ya pasi, na viatu ambavyo vilitoa sauti sakafuni. Kabla mwalimu hajaingia alinigeuza, akaniinamisha juu ya dawati, akachukua rula. "Darasa, somo la kusoma! Ubao huu hapa!" Akawa anagonga herufi moja baada ya nyingine, na darasa zima likasoma kwa kuimba. Jina langu ni Tluway. Kwa lugha yetu ni mvua, maana nilizaliwa inanyesha. Siku ile jina hilo lilizikwa, nikawa Gunia.

Yangekuwa maneno tu nisingewachosha nayo. Shule yetu ilikuwa na bustani ya mboga, na kila asubuhi kila mwanafunzi alitakiwa kuchota maji ziwani na kumwagilia tuta lake. Edo na wenzake walinibebesha madebe yao kwanza. Niliporudi kuchota la kwangu, kengele ilikuwa imekwisha kulia, na mwalimu wa zamu alinisubiri getini na fimbo. Nikikataa kubeba, walinisukuma kwenye tope la ukingoni. Gunia likilowa huwa zito, na likikauka linakwaruza mapaja mpaka yanatoa damu. Nilikuwa natembea miguu imeachana, na hilo nalo likawa mchezo wao. Waliniiga uwanja mzima.

Nikaacha kwenda. Asubuhi nilimuaga mama, nikashuka ziwani, nikajificha kwenye matete mpaka nisikie watoto wakirudi. Haikuchukua muda mama akaambiwa. Hakunichapa. Aliketi kwenye kigoda akachambua mbaazi, bila kunitazama, akasema, "Mjomba wako Mbulu anatafuta mchungaji. Ukifutwa shule, Tluway, sina neno la kumkatalia." Nilijua maana yake. Aliyepanda kwa mjomba kuchunga hakuteremka tena.

Hata hivyo kesho yake nilirudi kwenye matete. Ndipo Udahoda aliponikuta.

Udahoda alikuwa msichana wa darasani kwetu, lakini alituzidi wote kimo, kwa kuwa alianza shule amechelewa. Kwao walikuwa wafugaji waliohama kutoka uwanda wa Hanang wakafuata majani ya kando ya ziwa. Leo alikuja shule, kesho alichunga, na mwalimu alikuwa amechoka kumchapa kwa ajili hiyo. Alivaa bangili za shaba mkononi hadi karibu na kiwiko, alinukia samli, na hakuna aliyemgusa. Siku ile alikuwa analeta ng'ombe kunywa maji.

"Wewe si yule wa gunia?" aliuliza.

Nilizidi kujikunyata kwenye matete.

"Toka hapo. Viboko wanalala hapo."

"Afadhali viboko."

Alicheka, akachuchumaa kwenye majani, fimbo magotini. "Wanakupigia nini?"

"Kaptula hii."

"Hapana. Mimi nanuka samli, mbona hawanipigi?"

"Wewe ni mkubwa."

"Edo ana watu wengi kuliko mimi, na hanipigi." Alitafuna jani akifikiri. "Ng'ombe zenu ziko kwa nani?"

"Hatuna ng'ombe."

"Na za watu? Ziko kwenu ngapi?"

"Hakuna."

"Basi ndiyo hiyo." Alisema kama mganga aliyeona ugonjwa. "Kwenu hakuna kitu cha mtu. Wewe ukiliwa na kiboko leo, nani anapata hasara?"

"Mama."

"Mama mmoja hatoshi."

Alivua bangili moja, akauvuta mkono wangu, akaipitisha. Ilikuwa ya moto kwa jua. "Si yako hii. Ni yangu. Nimekuazima. Ikipotea, nakuja kwenu na baba, na baba ana fimbo kuliko hii. Kesho nataka kuiona shuleni."

Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba nimepata adui mkubwa kuliko Edo. Edo alitaka nibebe maji. Huyu alitaka nini? Nililala nimeushika mkono wangu mwenyewe. Lakini kesho yake nilikwenda shule, kwa sababu nilimwogopa baba yake, mtu ambaye sikuwahi kumwona, kuliko watu wote niliowajua.

Wakati wa mapumziko alinishika mkono akanizungusha uwanjani kama mtu anayeuza mbuzi. Tulianza kwa Rehema, msichana ambaye mama yake alikuwa na ndugu Arusha na hivyo hawakukosa sabuni. "Mwazime sabuni," Udahoda akamwambia.

"Nimwazime Gunia? Atanirudishiaje sabuni, akitumia si inakwisha?"

"Atarudisha nyingine. Akikimbia, mimi nalipa. Unanijua au hunijui?"

Rehema alimjua. Wote tulimjua, maana Udahoda alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando na alikipitisha kwa kila aliyekaa karibu, mdomo kwa mdomo, bila kuuliza jina. Hakuna aliyeweza kusema hajawahi kunywa kwake. Rehema akavunja kipande cha sabuni kama ukucha. Bura, ambaye alikuwa mbahili hata wa kusalimia, akatoa nusu ya penseli yake, akanitajia rangi yake na alama za meno yake zilipo. Matle akanipa katambuga, zile ndala za tairi, ambazo kaka yake alikuwa ameziacha alipokwenda jeshini. Kila alipotoka kwa mmoja Udahoda alisema neno lile lile: "Si vyake. Ni vyako. Mwangalie."

Nilikuwa nimebeba mali ya watu mwili mzima. Miguu ilikuwa ya Matle, mkono wa Udahoda, vidole vya Bura. Mtoto wa mama mjane anafundishwa mapema kuogopa deni, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilidhani yule msichana ananifunga kamba ili wote wanivute kila mtu upande wake, mpaka nikatike.

Asubuhi iliyofuata Edo alinipokea ziwani na debe lake. Nikainama nilichukue, maana nilikuwa nimezoea. Nyuma yangu nikasikia sauti kali, "Mwache! Mwache, ana katambuga zangu! Zikiingia kwenye tope kaka yangu ataniua!" Alikuwa Matle, anakuja mbio maji yakimwagika. Bura naye akafika, akatazama mfuko wangu, sio uso wangu. "We Gunia, penseli iko wapi? Umeiacha nyumbani? Vizuri. Usiingie nayo majini." Edo alisimama na debe lake mkononi akiwaangalia. Hakuzoea watu wawili kuzungumza kwa wakati mmoja bila yeye kuanza. "Chukua debe," alijaribu tena. Rehema akasema, "Achukue debe lako, halafu akichapwa tena asije shule, sabuni yangu utalipa wewe? Baba yako ndiye mwenye ghala. Sema hapa, utalipa?" Edo akachota maji yake mwenyewe.

Tangu siku hiyo sikuwa peke yangu hata kidogo. Nawaambia kweli, sikufurahi. Matle alinisindikiza kila jioni mpaka karibu na kwetu ili aone navua katambuga na kuziweka mahali pakavu. Bura alikagua urefu wa penseli, akanilazimisha kuandika herufi ndogo. Nilijiona mfungwa mwenye askari wengi. Nilipopata homa nikalala nyumbani, walikuja wote. Nikawasikia nje.

"Shikamoo, Mama Tluway."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Kuna nini?"

"Tumekuja kuangalia vitu vyetu," Bura alisema.

Mama hakuelewa, lakini aliwaingiza. Waliangalia vitu vyao. Kisha, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuingia, walikaa. Rehema akanigusa paji la uso akasema nina moto kama jiko. Mama akawapikia uji wa unga wa njano wakaunywa wakicheka, na kwa mara ya kwanza tangu tuteremke Mbulu nyumba yetu ilikuwa na kelele. Mimi kitandani nilikuwa nawaza jambo moja tu: nitarudisha lini vitu vya watu hawa nipumue.

Siku ikaja. Mama alipata kipande cha sabuni mahali alipolima, na fundi mmoja wa barabara akaniokotea penseli nzima, nyekundu upande mmoja na bluu upande mwingine. Nilijiona tajiri. Sikumwambia Udahoda, ilikuwa siku yake ya kuchunga, na bangili yake ilibaki mkononi. Nikamrudishia Rehema sabuni, kubwa kuliko yake. Nikampa Bura nusu yake ya penseli, na meno yake yote. Nikavua katambuga, nikazifuta, nikamkabidhi Matle. Wakapokea. Bura akasema, "Wewe mwaminifu, kumbe." Nikaenda nyumbani pekupeku, kifua mbele. Mpaka leo nakumbuka wepesi ule. Nilidhani ndio utu uzima.

Edo naye aliuona. Kesho yake walinisubiri ukingoni, wakanitia topeni mzima mzima, wakakaa juu yangu kwa zamu, na kaptula ya mama ikachanika kuanzia kiunoni hadi gotini. Nilipoinua uso nilimwona Matle akipita na ndoo yake. Alinitazama, akatazama miguu yangu mitupu, akapita. Hakuwa na ubaya, Matle. Hakuwa na kitu chake pale.

Udahoda alinikuta mahali pale pale, kwenye matete, nimeshika matambara yangu. Nilimwambia kwa kilio kwamba nimewarudishia wote, isipokuwa yeye, na bado wamenipiga. Nilitegemea anihurumie. Alinikasirikia mpaka akasimama.

"Umerudisha zote? Siku moja?"

"Ndiyo."

"Wewe mtu gani! Hata mchawi hafanyi hivyo." Akazunguka, akarudi. "Sikiliza. Baba ana ng'ombe kwa rafiki yake Gida, ana ng'ombe kwa wajomba, ana ng'ombe kwa watu wa kwenu wa Kiiraqw huko juu, hata lugha yao haijui. Na za watu ziko kwetu. Hatukosi ng'ombe ya watu nyumbani. Kwa nini? Ukame ukija kwetu, wenye ng'ombe watakuja kutuona. Ugonjwa ukija, watakuja. Vita ikija, watasimama, maana ng'ombe yao iko ndani. Mtu akirudisha ng'ombe zote siku moja, sisi tunajua. Anahama, au anataka vita. Wewe unahama?"

"Sihami."

"Basi rudisha moja, chukua nyingine. Rudisha moja, chukua nyingine. Mpaka uzeeke."

Nimekaa chini ya wahandisi. Nimefundishwa jinsi nondo zinavyoshikana ndani ya zege ili jengo lisimame hata likitikiswa. Nilifaulu mtihani wa somo hilo vizuri, na cheti ninacho. Lakini mwalimu aliyetangulia kunifundisha alikuwa pekupeku, hajui kugawanya kwa njia ndefu, na mikono yake inanuka samli. Sijaona hadi leo aliyejenga kama yeye, maana alijenga kwa sabuni ya kipande na penseli ya nusu, na jengo halijaanguka.

"Sasa nina kaptula iliyochanika," nilimwambia, "na hakuna mwenye nguo ya kuazima."

"Yupo," akasema. "Tunaenda kwa mwenye nyingi."

Nilipoelewa anamaanisha nani, nilikaa chini. Aliniinua kwa mkono wenye bangili.

Edo alikuwa uwanjani na wenzake, na darasa letu lilikuwa limezunguka kwa sababu lilijua Udahoda hatembei haraka bila sababu. Mimi nilikuwa nimejifunga kanga ya mama, mnaweza kukisia kicheko kilichokuwepo. Udahoda hakuwatazama waliocheka. Alisimama mbele ya Edo kwa adabu kabisa, kama anayeingia boma la mzee.

"Edo, kwenu kuna kaptula ngapi?"

"Nyingi," Edo alijibu, maana hakuweza kujibu vingine.

"Hapa hakuna mwenye nyingi. Rehema ameazima, Bura ameazima, hata Bura! Mimi nimeazima. Umebaki wewe. Watu wanauliza, Edo anaweza kuazima au kwao vitu vinahesabiwa na baba?"

Kwa mtoto wa mtunza ghala, miaka ile, swali hilo lilikuwa na miiba pande zote, lakini sidhani kama lilimuuma kwa ajili hiyo. Nadhani hakuna aliyewahi kumwomba kitu bila kumwogopa. Masikio yake yalibadilika rangi. "Mimi naweza kuazima kitu chochote," alisema. "Hata leo."

"Si yake lakini," Udahoda akamwambia. "Ni yako. Mwangalie."

Kesho yake alileta kaptula ya kaki, imepigwa pasi, imefungwa kwenye gazeti. Ndani ya kiuno mama yake alikuwa ametarizi jina la Edo kwa uzi mwekundu. Nikaivaa. Ilinifika chini ya magoti, na ilikuwa laini mpaka niliona kama sijavaa kitu.

Sasa nisikilizeni. Asubuhi ile ile, mmoja wa wenzake Edo, kwa mazoea, alinisukuma kuelekea topeni. Sijagusa chini, nikasikia ngurumo: "We mjinga, kaptula yangu!" Edo alikuwa ametupa debe. Alinidaka kiunoni, akaniweka pakavu, akanipukuta vumbi matakoni kwa mikono yake miwili, palepale alipokuwa ananisomesha kwa rula. Darasa likaanguka kwa kicheko, na safari hii nilicheka nao. Kuanzia hapo nilipita njia ya ziwani kama mkuu wa wilaya. "Usikae hapo, kuna umande." "Usipande huko, utaichana." Mvua ilipotukamata njiani, Edo alinifunika kwa mkoba wake. Nikamwazima na mimi kitu, kama nilivyofundishwa. Penseli yangu ya rangi mbili. Na kwa kuwa hakujua kabisa mahesabu ya sehemu, niliketi naye kumwonyesha, nisije nikarudishiwa penseli iliyotafunwa kwa hasira.

Rehema aliacha lini kuangalia sabuni akaanza kuniangalia mimi? Sijui. Ile sabuni ilikwisha siku nyingi, akanipa nyingine, nikampa kitu kingine, akanipa kitana. Bura na Matle nao wakaniazima tena penseli na katambuga. Bura alinyamaza lini kuuliza penseli akaanza kuuliza homa ya mama? Hilo nalo sijui. Najua kwamba hakuna aliyeniita Gunia tena, kwamba darasa la tatu nililimaliza, na darasa la nne, na kwamba kuanzia la tano nilikuwa wa kwanza, na nikishuka sana wa pili. Waulizeni.

Siku niliyochaguliwa kwenda sekondari ya bweni nilianza kukusanya vya watu ili nirudishe. Udahoda, ambaye alikuwa anarudi kwao kabisa, alikuta nimevipanga kitandani: kitana, katambuga, kaptula ya kaki isiyopita tena mapajani, bangili. Akatikisa kichwa.

"Unahama?"

"Nakwenda kusoma."

"Basi nenda navyo. Ndivyo vitakurudisha."

Nikaondoka navyo. Shangazi akatangaza mtaani: mnaona, ameondoka na vitu vya watu, hamtamwona. Nilipita Arusha, nikapita Moshi, nikafika Dar es Salaam, nikabeba zege ili nilipe ada, nikasoma usiku na kufanya kazi mchana, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Huwa nasema hivyo mara nyingi, kwamba sikushikwa mkono. Kisha nikipanga sanduku nakuta bangili ya shaba.

Nikarudi, kama alivyosema. Nyumba ilipokwisha kupakwa rangi, nilivaa suti, nikapiga viatu rangi, nikapakia gari. Nilianza sokoni kwa Rehema, mwenye meza ya nguo za watoto, nikamshushia katoni nzima ya sabuni. Alicheka akafuta macho kwa upande wa kanga. "Kipande kama ukucha, Tluway! Kama ukucha!" Bura ni mwalimu sasa, nilimpelekea boksi la penseli, akalifungua mbele yangu, akahesabu. Matle anaendesha bodaboda stendi. Nilimvalisha viatu vya ngozi hapo hapo juu ya pikipiki yake, abiria wakisubiri. Edo ana duka dogo la vifaa vya umeme, na tumbo. Nilimpa suruali ya kaki, mpya, imefungwa kwenye gazeti. Alitafuta kiunoni akakuta nimetarizisha jina lake kwa uzi mwekundu. Alipitisha kidole juu ya herufi zile. Halafu akasema, "Hii hainitoshi, bwana," akaikunja tena kwenye gazeti.

Wa mwisho alikuwa Udahoda. Mama Samweli wanamwita sasa. Boma lake liko njia ya Hanang, na mnadani akisimama, wanunuzi wa kutoka Arusha humpisha. Nilimwamkia, tukaulizana habari za watoto na mvua, akanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nikanywa, kisha nikatoa bangili mfukoni, nikaiweka kiganjani mwake. Aliijaribu, haikupita vidole. Akamwita mjukuu wake akamvisha, mtoto akakimbia akiitikisa.

"Umemaliza wote?" akaniuliza.

"Wote," nilisema, kifua mbele. "Rehema, Bura, Matle, Edo. Sasa na wewe. Leo sidaiwi na mtu Babati nzima."

"Siku moja?"

"Siku moja."

Alitazama suti yangu, na viatu, na gari langu kule nje, kwa huruma ambayo sijawahi kuonyeshwa na mtu yeyote tangu nipate stashahada. Akainuka akaenda zizini. Alirudi na mtamba mweusi mwenye baka jeupe usoni, kamba shingoni, akaniwekea kamba mkononi.

"Huyu si wako," alisema. "Ni wangu. Maziwa unywe. Akizaa, nitakuja kuona ndama."

Ng'ombe haingii kwenye gari dogo. Nikamwachia kijana wa boma ufunguo, aniletee gari baadaye, nikashika njia kwa miguu na suti yangu, mtamba akininusa kiwiko. Nilipoingia Singe watu walitoka vibarazani kunitazama. Mzee mmoja jirani akapaza sauti, "Hongera, fundi! Umenunua?"

"Hapana, mzee," nilimjibu, kwa sauti ya kutosha mtaa mzima. "Ni wa watu!"